Umeyapata Wapi? Maelezo Juu ya Kutaja Chanzo cha Habari

Muhula huu Mhariri amenitaka niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona dogo, nalo ni kutaja mahali tulipopata habari tunapoandika insha ya utafiti. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza, wenzangu wengi waliopewa insha za historia na jiografia za kuandika wakati wa likizo wamenijia wakiuliza waandikeje marejeo. Ya pili, mimi mwenyewe niliwahi kukosea katika jambo hili, na kosa lile halikuweza kutengenezwa tena. Nitaanza na hilo la pili, maana ndilo lililonifundisha hilo la kwanza.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alitutaka tuandike juu ya kazi za mikono za Wanyambo wa zamani. Mimi nikachagua ufuaji wa chuma. Siku ya Jumamosi nikaenda kwa mzee mmoja aliyekaa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka soko la hapa Nkwenda, ambaye watu walisema aliwahi kuvukuta mvukuto ujanani. Nikamwamkia, naye akanikaribisha kivulini mwa migomba, akanieleza mengi: jinsi tanuri lilivyojengwa, jinsi watu walivyopokezana kuvukuta, na mti gani ulipendwa kwa makaa yake kwa kuwa moto wake hauchoki upesi. Nikayaandika yote kwenye daftari, nikamshukuru, nikarudi.

Katika insha yangu nikaandika, “Wazee wanasema kwamba wahunzi wa Karagwe walitumia mti huu.” Niliona nimemaliza. Insha iliporudi, pembeni mwa sentensi ile mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: “Wazee gani? Wangapi? Wamejuaje?” Nikakasirika kidogo, nikidhani ananitafutia makosa. Lakini likizo ilipofika nikasema nitarudi kwa yule mzee nimwulize jina lake kamili na mambo mengine. Nikakuta msiba umekwisha kupita miezi miwili. Mwanawe akanipokea vizuri, na nilipomweleza haja yangu, akacheka kwa upole akasema, “Mdogo wangu, baba hakujifunza kazi ile hapa. Alilelewa Biharamulo kwa mjomba wake, na huko ndiko alikovukuta. Huku alikuja mtu mzima.”

Fikirini basi. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba ndivyo walivyofanya wahunzi wa Karagwe, kumbe habari ile ilikuwa ya Biharamulo. Huenda wa Karagwe walitumia mti huohuo, huenda sivyo. Mtu pekee ambaye angeniambia tofauti hakuwapo tena. Mzee hakusema uwongo hata kidogo. Mwongo, bila kukusudia, nilikuwa mimi, kwa sababu sikumwuliza swali moja jepesi: “Babu, haya uliyaona wapi?”

Tangu siku ile nimefahamu kwamba kutaja chanzo si adabu ya kumfurahisha mwalimu tu. Ni sehemu ya ukweli wenyewe. Sasa nitaeleza jambo hili kidogo kidogo.

KWA NINI TUTAJE CHANZO?

Kila mmoja wetu mwenye wazazi wakulima ameona kahawa ikipelekwa chama cha msingi. Karani hupima, huandika jina la mkulima, tarehe na kilo, kisha humpa stakabadhi. Bila stakabadhi, siku ya malipo ikifika, nani atajua kahawa ile ilikuwa ya nani? Habari nazo ni mazao ya watu. Kuna aliyetembea kuzitafuta, aliyezihesabu, aliyekaa usiku akiziandika. Sisi tukizichukua bila kumtaja, tumempokonya jasho lake. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Lakini stakabadhi ina kazi ya pili. Pakitokea shaka juu ya kilo, mtu huweza kurudi na kuangalia. Vivyo hivyo chanzo kikitajwa, msomaji akiwa na shaka anaweza kwenda kukiangalia mwenyewe. Asipoweza kwenda, imembidi akuamini wewe tu, na wewe huenda umekosea kunakili.

Kazi ya tatu ni kutenganisha mawazo yako na ya wengine. Wanafunzi wengine huona haya kutaja vitabu, wakidhani wataonekana hawana mawazo yao. Mambo ni kinyume. Ukitaja vizuri yaliyo ya wengine, yale yaliyobaki bila kutajwa huonekana wazi kuwa ni yako, nawe husifiwa kwayo.

Jambo hili si la kigeni kwetu wala halikuletwa na vyuo vikuu. Wanazuoni wa Kiislamu waliokusanya hadithi za Mtume, kama Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, waliandika kila hadithi pamoja na mlolongo wa watu walioipokezana: fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani. Mlolongo ukiwa na mtu asiyeaminika, hadithi yenyewe hutiliwa shaka. Hata hapa kwetu, shamba likigombewa, wazee wa baraza hawakubali neno “nimesikia”. Huuliza, “Umesikia kwa nani, na yeye alikuwapo?”

HESABU ILIYOMPOTEZA MTU

Nitatoa mfano wa karibu nasi kabisa. Tuseme mwanafunzi anaandika insha ya jiografia juu ya idadi ya watu. Anakuta mahali kwamba wilaya ya Karagwe ina watu 425,476. Mahali pengine anakuta kwamba wilaya ya Karagwe ina watu 332,020. Hakuandika amezitoa wapi, bali anajua tu kwamba ya pili ni ya baadaye. Basi anaandika kwa ujasiri kwamba watu wa Karagwe wamepungua kwa karibu laki moja, na anaanza kutafuta sababu: njaa, maradhi, au kuhama.

Sasa tazama vyanzo vikitajwa. Hesabu ya kwanza ni ya Sensa ya mwaka 2002. Hesabu ya pili ni ya Sensa ya mwaka 2012. Na katika mwaka huo wa 2012 wilaya ya Karagwe ilikuwa imegawanywa, ikazaliwa wilaya ya Kyerwa, ambayo ndiyo yetu sisi wa Nkwenda. Sensa hiyo ilihesabu Kyerwa peke yake watu 321,026. Ukijumlisha wilaya zote mbili unapata 653,046. Kwa hiyo watu wa nchi ileile hawakupungua hata kidogo, bali waliongezeka kwa zaidi ya laki mbili. Sisi tuliohesabiwa upande huu ndio “tuliopotea” katika insha ya yule mwanafunzi!

Mwaka na jina la chanzo vingemwokoa. Angeandika, “Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Sensa ya Watu na Makazi ya 2012”, angelazimika kujiuliza mipaka ya mwaka ule ilikuwa ipi. Kwetu huku jambo hili ni la lazima kuliko kwingine, maana majina yamebadilika mara nyingi. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi, ukaja kuitwa Kagera mwaka 1979 baada ya vita. Na ukisoma makala ya J. Ford na R. de Z. Hall juu ya historia ya Karagwe, iliyotoka katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1947, utaona katika kichwa chake Karagwe imewekwa ndani ya Wilaya ya Bukoba. Usipotaja mwaka, msomaji atadhani mwandishi hakujua jiografia.

NANI ALIYEONA KWA MACHO?

Mfano wa pili ni wa historia. Wazungu wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Karagwe mwezi Novemba 1861, wakapokewa na Mukama Rumanyika. Wengi wetu huandika “Speke na Grant wanasema”, kana kwamba ni mtu mmoja mwenye vichwa viwili. Lakini kila mmoja aliandika kitabu chake. Cha Speke kilitoka mwaka 1863, na cha Grant, kiitwacho A Walk Across Africa, mwaka 1864.

Tena hawakukaa pamoja siku zote. Speke aliondoka Karagwe mwezi Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alikuwa na ugonjwa wa mguu, hakuweza kutembea, akabaki kwa Rumanyika hadi mwezi Aprili. Basi ukiandika habari za Karagwe za mwezi Februari au Machi 1862, shahidi wako ni Grant. Ukimtaja Speke, umemtaja mtu aliyekuwa Buganda wakati huo! Msomaji mwenye kujua atafunga insha yako palepale, wala hatasoma yaliyo mazuri ndani yake.

Na hapa pana jambo jingine. Wengi wetu hatujapata kuvishika vitabu vya Speke na Grant. Habari zao tumezisoma katika kitabu cha mtu mwingine, kama vile The Karagwe Kingdom cha Israel Katoke, kilichopigwa chapa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1975. Yafaa tuseme kweli. Tuandike: “Speke, kama alivyotajwa na Katoke”. Tukiandika Speke peke yake, tunadai tumesoma kitabu ambacho hatukukiona. Na ikiwa aliyemnakili amekosea, kosa lake linakuwa letu. Kwa hiyo kanuni ni hii: taja ulichokishika mkononi mwako, na ueleze kilichokupitisha njia.

MAMBO MANNE YA KUANDIKA

Watu huogopa marejeo kwa sababu ya nukta na mikato yake. Lakini ukiyatazama vizuri, kila chanzo huulizwa maswali manne tu: Nani? Lini? Nini? Wapi?

Kitabu: jina la mwandishi, mwaka wa kupigwa chapa, jina la kitabu, mji na mpiga chapa. Tukichukua kitabu nilichokitaja sasa hivi, tutaandika Katoke, Israel K., kisha 1975, kisha jina la kitabu, kisha Nairobi na East African Publishing House. Jina la ukoo hutangulia ili orodha iweze kupangwa kwa alfabeti. Mwaka usiuchukue kwenye jalada, bali fungua ukurasa wa ndani baada ya kichwa, ndipo utakapouona.

Makala ya jarida: huongezwa jina la jarida, namba ya toleo na kurasa. Kichwa cha makala hutiwa katika alama za kunukuu, na jina la jarida hupigiwa mstari au huandikwa kwa herufi za mlazo. Usivichanganye, maana mtu anayekwenda maktaba hutafuta jarida kwanza, kisha makala ndani yake.

Taarifa ya serikali: mara nyingi haina jina la mtu. Mwandishi wake ni ofisi iliyoitoa, kama Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Ukurasa wa intaneti: andika mwandishi ikiwa yupo, kichwa, jina la tovuti, anwani yake, na tarehe uliyousoma. Tarehe ya kusoma ni muhimu, kwa kuwa ukurasa wa intaneti waweza kubadilishwa leo usiku na kesho usiukute. Kitabu hakibadiliki kikiwa rafuni. Tena tahadharini na programu za kompyuta zinazojibu maswali. Nyingine huweza kukutajia kitabu chenye jina zuri na mwandishi mwenye jina zuri, kumbe hakijapata kuandikwa duniani. Kitabu ambacho hukukiona usikitaje.

Mazungumzo na wazee: hapa ndipo nilipoanguka mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Andika jina lake, umri wake kwa kukadiria, kazi yake, kijiji, na tarehe ya mazungumzo. Kisha mwulize mambo mawili: “Haya uliyaona mwenyewe au ulisimuliwa?” na “Yalikuwa wapi?” Maswali haya usiyaulize kwa ukali kama askari, bali uliza kwa heshima mwisho wa maongezi, akiwa amekwisha kufurahi. Tena omba ruhusa ya kuandika jina lake. Akikataa, usimlazimishe. Andika tu, “Mzee mwanamume, mkulima, kijiji fulani,” na tarehe. Na akikubali, umpelekee au umsomee ulichoandika. Nimewahi kuona bibi mmoja akisomewa insha ya mjukuu wake yenye jina lake ndani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe nami nimo kitabuni.” Siku ya pili akamwita mjukuu yule na kumweleza mambo mengine mengi ambayo hakumwambia mara ya kwanza.

NDANI YA INSHA YENYEWE

Orodha ya mwisho peke yake haitoshi. Kila mahali unapotumia habari ya mtu, onyesha palepale. Pana njia mbili zinazotumika duniani. Ya kwanza ni kuandika katika mabano jina la mwandishi na mwaka, na ukurasa ikiwa umenukuu, kwa mfano (Katoke 1975). Njia hii husemwa ilianza mwaka 1881 kwa Edward Laurens Mark, mwalimu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani. Ya pili ni kutia namba ndogo na kuandika chanzo chini ya ukurasa kama tanbihi. Wanahistoria wengi huipenda hii. Zote ni nzuri. Chagua moja ambayo mwalimu wako ameitaka, na uishike tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho. Anayechanganya ni kama mchezaji anayeanza mpira kwa miguu akamaliza kwa mikono.

Ukichukua maneno ya mtu neno kwa neno, yatie katika alama za kunukuu, usiongeze wala usipunguze, na utaje ukurasa. Ukichukua wazo lake na kulieleza kwa maneno yako, alama za kunukuu hazihitajiki, lakini kumtaja kunahitajika vilevile. Hapa wengi hupotea. Hudhani kwamba wakibadili “mfalme” wakaandika “mtawala”, na “alifika” wakaandika “aliwasili”, basi sentensi imekuwa yao. Sivyo. Nguo ya mtu ukiibadili vifungo haigeuki kuwa yako. Fanya hivi: soma aya, funga kitabu, andika ulichokielewa kama unavyomsimulia mdogo wako, kisha fungua kitabu uone kama hukupotosha. Ndipo utaje chanzo.

Sheria ya nchi nayo imelitazama jambo hili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu sehemu ya kazi ya mtu kwa haki, mradi chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Kwa hiyo hatukatazwi kutumia vitabu. Tunaambiwa tu tubishe hodi.

Je, kila kitu kitajwe? La. Mambo yanayojulikana na watu wote hayahitaji chanzo. Ukiandika kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, au kwamba mto Kagera unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria, hakuna atakayekuuliza umeyapata wapi. Lakini hesabu, maneno ya mtu, mawazo ya mtu, na jambo ambalo watu wanabishana juu yake, vyote vitajwe. Ukiwa na mashaka, taja. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kutaja mno.

DAFTARI LA UTAFITI

Mwisho nitawapa desturi moja iliyonisaidia. Makosa mengi ya marejeo hayatokei siku ya kuandika insha, hutokea siku ya kusoma. Mtu husoma kitabu cha kuazima, hunakili aya tatu, hurudisha kitabu, na baada ya wiki mbili hajui aya zile ni maneno ya kitabu au ni yake. Basi kabla hujanakili hata neno moja, andika juu ya ukurasa wa daftari yale mambo manne: nani, lini, nini, wapi. Pembeni mwa kila habari andika namba ya ukurasa wa kitabu. Maneno ya kitabu yaandike kwa wino wa buluu ndani ya alama za kunukuu, na mawazo yako kwa penseli. Kazi hii huchukua dakika mbili. Kuitafuta habari iliyopotea huchukua siku nzima, na wakati mwingine, kama mlivyosikia, haipatikani tena.

Ndugu zangu, historia ya nchi hii yetu ya Kyerwa na Karagwe nyingi bado imo vinywani mwa wazee na haijaandikwa. Huenda insha ya mwanafunzi wa kidato cha tatu ikawa ndiyo maandishi ya kwanza juu ya kijiji fulani, na mtu wa miaka hamsini ijayo akaitegemea. Atakapouliza, “Huyu aliyapata wapi?”, afadhali akute jina la mzee, kijiji na tarehe, asikute neno “inasemekana”.

Daftari langu la kidato cha tatu ninalo mpaka leo. Jina la mti ule limo, limeandikwa wazi. Lakini sijapata tena kulitumia katika insha yoyote, kwa maana sijui ni mti wa wahunzi wa wapi.